Muulize Shangazi: Baridi imetuchosha, Septemba twende bahari gani?

Barua za mwezi huu nyingi zimeandikwa na watu wanaosikia baridi. Nimechagua tatu, zote zinahusu kwenda kuota jua kwenye maji baada ya wageni wengi kuondoka. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna mama mzee na mtoto mdogo.

Kamwene Shangazi, na shikamoo. Tunakaa Mufindi kwenye mashamba ya chai, mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka minne na mama mkwe wangu. Mume wangu amepewa likizo ya siku kumi na mbili kuanzia katikati ya Septemba, maana wakati huo majani ya chai ni machache. Baridi ya Juni na Julai mwaka huu imetutesa, na aliyeumia zaidi ni mama mkwe. Ukungu ukishuka magoti yake hayanyooki. Tumeamua tumpeleke baharini apate joto. Hajawahi kuiona bahari maisha yake yote. Mume wangu anataka Zanzibar kwa sababu wenzake kazini walikwenda. Wifi yangu aliyeko Dar anasema twende Kigamboni, tusihangaike. Mimi nimesikia Mtwara ni pazuri na kwamba barabara ya Songea siku hizi ni lami tupu. Tuna Noah yetu, nzima. Pesa ipo ila si ya kumwaga. Je, Septemba huko kuna joto kweli? Na wapi tutakaa kwa utulivu?
*Mkwe wa Mufindi*

Marahaba, mwanangu. Kamwene. Mfikishie mama salamu zangu, umwambie nimefurahi sana kwamba anakwenda kuiona bahari. Nitakujibu kama ninavyomjibu binti wa kaka yangu: ningekuwa mimi, ningewasha hiyo Noah na kushika njia ya Songea hadi Mtwara. Sasa nikueleze kwa nini, ili na mumeo aridhike.

Kwanza, wakati mliopewa ni mzuri kuliko mnavyodhani. Pwani yetu hujaa wageni mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni Julai na Agosti, watu wa Ulaya wakiwa kwenye likizo yao ya kiangazi. Agosti ndipo Waitaliano husimamisha kazi kwao, na baadhi yao huja Unguja. Mara ya pili ni wiki ya Krismasi hadi siku za mwanzo za Januari, na hapo tunajazana na sisi wenyewe. Ikifika katikati ya Septemba, ule msimu wa kwanza umeshakwisha. Watoto wa Ulaya wamerudi shule, na huku kwetu waliojipanga kusafiri baada ya Nanenane wamesharudi. Vyumba vinabaki wazi, na mwenye hoteli ambaye Agosti hakutaka hata kusikia habari ya punguzo, sasa anakusikiliza. Pigeni simu kabla hamjatoka nyumbani. Mseme mnalala siku ngapi, mseme ninyi ni Watanzania, halafu muombe bei ya siku zote kwa pamoja. Hoteli nyingi za ufukweni zina bei ya wenyeji ambayo haibandikwi ukutani, usipouliza, hupewi.

Joto lipo. Upepo wa kusi huanza kuvuma Aprili, hupata nguvu Juni hadi Agosti, na Septemba huanza kulegea. Ni kweli kwamba Agosti na Septemba ndipo maji ya bahari yanakuwa na ubaridi kuliko miezi mingine yote, lakini ubaridi wenyewe ni nyuzi 25 hivi. Aliyezoea kuoga maji ya bomba la Mufindi mwezi wa saba atadhani amechemshiwa. Mchana hewa inafika nyuzi 29 au 30, usiku mtu analala na shuka tu. Tena hakuna ule unyevunyevu mzito wa Februari na Machi unaomfanya mzee atafute pumzi. Kwa mama mwenye magoti mabovu, mimi ningechagua Septemba kuliko Februari bila kufikiri mara mbili.

Kuna na suala la mvua. Tanga, Unguja, Bagamoyo na Dar wanapata mvua za vuli, ambazo zinaweza kuanza Oktoba. Mtwara na Lindi wana msimu mmoja wa mvua kama sisi wa Nyanda za Juu, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Septemba kule ni kukavu, na likizo yenu hata ikisogezwa wiki mbili tatu mbele na mwajiri, hamharibikiwi.

Sasa Zanzibar ya mumeo. Ni pazuri, sitasema vinginevyo. Lakini ihesabu safari yenyewe ukiwa umemshika mama mkono. Mafinga hadi Dar ni siku nzima, mnateremka Kitonga, mnakatisha Mikumi, mnaingia Kimara jioni kwenye foleni. Mnalala. Kesho yake boti, karibu saa mbili majini, na Septemba kusi bado linaweza kuichafua bahari ya mkondo ule kiasi cha kumtapisha mtu asiyezoea. Mkishuka Malindi bado mna mwendo wa gari wa zaidi ya saa moja kwenda ufukweni. Halafu ufukwe gani? Paje, Jambiani na Bwejuu, upande wa mashariki, maji yakipwa yanakwenda mbali sana. Unabaki unatazama mchanga na vijiti vya mashamba ya mwani, na bahari ni mstari mweupe kule kwenye mwamba. Kwa vijana wenye miguu ni raha tupu kutembea huko. Mama hatafika. Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, maji hayaendi mbali, mtu anaoga saa yoyote. Hapo pangemfaa, ila ndipo bei ilipo juu hata wageni wakipungua. Zanzibar iwekeni akiba yenu wawili, mwaka mwingine, Noah ibaki kwa wifi.

Wifi naye ana hoja, msimbeze. Kigamboni mnafika kwa siku moja, mnavuka Daraja la Nyerere, na fukwe zipo kuanzia Mjimwema kwenda kusini hadi Kimbiji. Kama daktari wa mama atasema asikae kwenye gari siku mbili mfululizo, basi nendeni Kigamboni na mzungumzo uishie hapo. Ila mfike Jumapili jioni na muondoke Ijumaa. Jumamosi na Jumapili jiji zima linahamia kule na spika zake, na mama hatasikia hata wimbi.

Mtwara nimeipa nafasi ya kwanza kwa ajili ya hiyo Noah. Mna gari lenu, mnasimama pale magoti yanapotaka kusimama. Siku ya kwanza ni Makambako, Njombe, hadi Songea. Kutoka Makambako ni karibu kilomita 300, na mteremko wa Lukumburu unataka breki nzuri na dereva asiye na haraka. Mlale Songea. Mkifika mapema mpelekeni mama Makumbusho ya Majimaji, walipozikwa mashujaa wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Wazee wetu wengi wanazijua habari hizo kwa kusimuliwa, na atakuwa na mengi ya kumwambia mjukuu. Siku ya pili mnaondoka alfajiri: Namtumbo, Tunduru, Mangaka, Masasi. Kutoka Songea hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 600, lami yote. Jazeni mafuta Songea, ongezeni Tunduru. Kipande cha kati ya Namtumbo na Tunduru kinakatiza njia ya tembo wanaovuka kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, kwa hiyo msikipite giza limeingia. Mkiona jua linashuka mko Masasi, laleni Masasi chini ya yale majabali makubwa, mmalizie kilomita 200 asubuhi. Siku kumi na mbili zinatosha, hakuna anayewakimbiza.

Mimi nimeolewa Mikindani, kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini, kwa hiyo hapa nasema ninachokijua. Ghuba yake ina mlango mwembamba na ndani maji yametulia, mashua zimelala ubavu yakipwa. Nyumba za mawe za zamani zina milango ya nakshi, na juu ya kilima lipo Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, siku hizi ni hoteli. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Jioni kuna pweza wa kukaanga na chai ya tangawizi, na mkimpata mama anayeuza ming'oko ya kuchemsha, nunueni. Huku milimani hamtaiona. Kwa kuoga, hata hivyo, sehemu za ghuba zina tope na mikoko. Laleni Mikindani au Mtwara, mkaoge Shangani, ambako mchanga ni mzuri na unaingia majini polepole.

Siku moja iwekeni kwa Msimbati. Ni ufukwe mweupe, mrefu, wenye minazi, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, basi chukueni vitambulisho vya taifa. Njia ya mwisho ina mchanga. Noah itanasa, tena itanasa pabaya, na mama atakaa juani mkisukuma. Kodisheni gari la juu pale mjini kwa siku hiyo moja.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo watu wa kwetu hawaliulizi kabisa, wakifika wanalalamika kwamba bahari imekimbia. Kabla ya kuchagua chumba, angalieni mwezi.

Mavyaa wangu hakuwahi kushika jedwali la maji. Alikuwa akitoka barazani baada ya chakula, anautazama mwezi, anahesabu kwa pingili za vidole tangu siku ulipoandama, kisha ananiambia: kesho oga saa tatu, ukichelewa utakuta matope. Alikuwa hakosei. Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu. Siku hizo, pwani yetu hii, bahari hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi. Maana yake, mnapomaliza chai na kumvalisha mtoto, maji hayapo. Kila siku inayofuata saa za kujaa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya siku saba mnakuwa kwenye maji mafu: bahari haiendi mbali na wala haipandi juu, na inajaa kama saa nne asubuhi, wakati jua halijawa kali. Hizo ndizo siku za mama na mtoto. Chukueni kalenda yenye alama za mwezi, mhesabu siku tano hadi tisa baada ya mwezi mpevu au mwandamo, na siku zenu za Shangani ziangukie hapo. Ikiwa likizo haikubali, bamvua nayo ina uzuri wake: asubuhi kina mama wanatoka na vijiti vyao kuchokoa pweza kwenye mwamba uliobaki mkavu, na jioni maji yanakuja hadi karibu na miti. Mama atakaa kivulini kwenye kiti, akitazama yote mawili.

Mtoto avae yeboyebo hata majini, na ninyi pia. Kwenye mawe kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu. Mwiba wake ukiingia unakatikia ndani ya nyayo. Kwa mama, mshikeni watu wawili, mmoja kila upande, na maji yasimpite magoti siku ya kwanza. Mtoto asiachwe hata kama maji ni ya kifundo cha mguu. Sisi wa milimani wengi hatujui kuogelea, na bahari tulivu inavuta kimya kimya yakianza kupwa.

Na hapa nisikilize vizuri, mwanangu. Mufindi malaria ni chache, miili yenu haijaizoea. Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Wiki mbili kabla ya safari mpelekeni mtoto na mama hospitali, mumuulize mganga kuhusu dawa ya kinga inayowafaa. Bebeni neti zenu zenye dawa, msitegemee ya hotelini ambayo huenda imetoboka. Jua likizama, mikono mirefu na soksi. Mkisharudi, yeyote akipata homa ndani ya wiki kadhaa, hata mkidhani ni mafua ya ukungu, nendeni mkapimwe siku hiyo hiyo na mmwambie daktari mmetoka pwani. Huku juu daktari anaweza kuanza kutafuta kifua, na kwa mtoto wa miaka minne siku mbili za kubahatisha ni nyingi mno.

Chumba cha mama kiwe cha chini, kisicho na ngazi, na choo ndani. Hilo nalo liulizeni kwa simu.

Ugonile, Shangazi. Nakuita hivyo kwa heshima ya safu yako, maana huenda umri wetu ni mmoja. Mimi na mke wangu ni wastaafu wa Tukuyu. Krismasi wajukuu huwa wanakuja, hatuwezi kutoka, na tumesikia bei za pwani siku hizo ni za juu. Tunafikiria Januari wakishaondoka. Huku kwetu mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Nimesoma kuhusu papa potwe wa Mafia na natamani kumwona kabla macho hayajafifia. Mke wangu anaogopa boti. Tufanyeje?
*Mstaafu wa Tukuyu*

Ugonile, kaka yangu, na ndaga kwa barua nzuri. Mmechagua vizuri kusubiri. Wiki ya kwanza ya Januari bado kuna mabaki ya sikukuu, lakini kuanzia katikati ya mwezi wageni wanapungua, na maji ndiyo yanaelekea kwenye joto lake kubwa la mwaka, nyuzi 28 hadi 29. Upepo ni wa kaskazi. Jasho litakuwepo, hasa usiku, kwa hiyo chumba chenye feni nzuri si anasa kwa watu waliotoka Tukuyu.

Papa potwe wanaonekana Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi, wanafuata vijidudu vidogo vya majini karibu na Kilindoni. Kwa hiyo Januari na Februari mko katikati ya msimu wake. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote, anaweza kupita mita kumi, na anakula kwa kuchuja maji mdomoni. Binadamu si chakula chake. Mnatoka asubuhi na mwongozaji, chombo kinazimwa injini mbali, anayetaka anashuka na miwani ya maji na kuogelea kando yake bila kumgusa. Asiyetaka anamwona kutoka kwenye chombo, kwa sababu anakuja karibu na uso wa maji, mgongo wake wa madoadoa meupe unapita chini yako. Shemeji anaweza kubaki ufukweni siku hiyo, au akaja akakaa tu. Msimlazimishe kushuka.

Kwa hofu yake ya boti, pandeni ndege. Songwe hadi Dar, kisha ndege ndogo hadi Mafia, chini ya saa moja angani. Ndege hizo hupima mizigo kwa ukali, basi begi laini na dogo. Acheni usiku mmoja Dar katikati; ndege ya Songwe ikichelewa msipoteze ya Mafia. Njia ya bei nafuu ni kwa basi hadi Nyamisati, wilaya ya Kibiti, na kutoka hapo boti hadi Kilindoni. Ninyi wawili sitawapeleka huko, kwa sababu shemeji atafika amechoka kwa woga na likizo itakuwa imeharibika kabla haijaanza.

Mkilala upande wa Utende mko kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995. Mbele yenu ni kisiwa cha Chole, chenye magofu yaliyomezwa na mizizi na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana. Kukivuka ni mwendo mfupi sana kwenye ghuba tulivu. Huenda shemeji akajaribu hapo, na kama akijaribu, niandikie, nitafurahi kusikia.

Angalieni kalenda ya Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari. Kula hotelini hakuna shida, ila vibanda vya nje hufungwa mchana, na ni vyema mgeni asile wala kunywa barabarani mbele ya watu waliofunga. Na msiisogeze safari hadi Aprili au Mei kwa ajili ya bei kushuka zaidi. Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia Mei 4, 2024, na mvua zake zilikata barabara ya Lindi kule Somanga, magari yakakwama siku nyingi. Masika ya pwani si ya kujaribiwa na wastaafu.

Shikamoo Shangazi. Sisi ni vijana wanne wa Uyole. Tuna siku tatu tu mwanzoni mwa Septemba na pesa ya mafuta. Bahari ni mbali. Matema inaweza kutosha, au tutajuta?
*Wanne wa Uyole*

Marahaba wanangu. Kwa siku tatu nendeni Matema, wala msiione kama bahari ya kujifariji. Kutoka Uyole mnateremka Tukuyu, mnapita migomba na chai, mnaingia Kyela jasho limeshaanza, na siku hiyo hiyo mchana mko ufukweni. Maji ya Ziwa Nyasa ni matamu, hayawashi macho, na ni angavu kiasi cha kuona samaki wadogo wa rangi kwenye mawe. Milima ya Livingstone inasimama pale pale majini. Jua linapozama upande wa pili, kingo zile hugeuka rangi, na hilo bahari ya Mtwara haina.

Mwanzoni mwa Septemba ni kukavu na kuna joto. Upepo wa kusini wa miezi ya baridi unaweza kuwa haujaisha kabisa, hivyo mawimbi yakipanda msitoke na mtumbwi, hata mwenye mtumbwi akisema ni kawaida. Kodisheni wa asubuhi, uwapeleke Ikombe kwa Wakisi, mkawaone kina mama wanaofinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu. Chukueni nguo za zamani za kuzungushia chungu mtakachonunua. Njiani chungu kisije kikapasuka.

Mawili ya usalama. Msiogelee karibu na midomo ya mito. Mamba wapo, na wenyeji wanajua ni wapi, waulizeni kabla hamjavua mashati. Na muepuke maji yaliyosimama yenye matete, kwa sababu kichocho kinakaa huko. Ogeni kwenye mchanga ulio wazi wenye mawimbi, mjifute vizuri mkitoka. Hata miezi kadhaa baadaye mmoja wenu akikojoa damu, nendeni wote wanne mkapimwe. Dawa yake ipo hospitalini na inatibu.

Katikati ya wiki vyumba vinapatikana. Ijumaa hadi Jumapili watu wa Mbeya mjini wanashuka huko huko, basi kama mnaweza kuomba ruhusa ya Jumatatu hadi Jumatano, ombeni.